TAHADHARI: anayeuza mikono ya mbele ya Raptor "longi traveli" kwa riali 145, msimpe pesa

Assalam alaykum jamani. Naandika kwa wenye Raptor, ile pikipiki ya Yamaha ya magurudumu manne, na kwadi nyengine kama hiyo za spoti, wa huku Oman na Emarati zaidi, ila hata mlioko Unguja na Mombasa mnaoagiza spea kutoka Sharjah someni maana huyu bwana anasema anatuma kote. Anauza mikono ya mbele, zile A-amu, vyuma vinavyoshika ringi za mbele kwenye fremu, seti nzima ya mikono minne, juu na chini kulia na kushoto, anasema ni kromoli 4130 (aina ya chuma chenye nguvu zaidi), plasi mbili plasi moja, longi traveli yaani mbele inacheza juu na chini zaidi, riali 145 mpaka mlangoni. Msimpe. Mie nshampa na nitakuelezeni nilichopata.

Kwadi yangu ni Raptor 700R ya 2014, nliinunua mkononi kwa mtu na mkono wa chini wa kushoto ulikuwa umepinda tangu huko kwake, ringi imeinamia ndani. Ningetafuta mkono mmoja wa kampuni nikafunga khalas, lakini tamaa bwana. Ukishaona wenzio kule Bidiyah kwenye matuta ya mchanga wanateremka tuta mbele pana imetulia na wewe yako inataka kulala upande, roho inakutoka. Plasi mbili maana yake kila upande unatoka nje inchi mbili, kwa hiyo kwadi nzima inapanuka inchi nne, kama sentimita kumi hivi, na plasi moja ringi zinasogea mbele inchi moja, basi ukitua kutoka juu pua haizami haraka na haikutupi mbele. Hayo ni kweli kabisa, na ndo maana uongo wake unaingia vizuri, kaubandika juu ya kitu cha kweli.

Sasa sikilizeni nilivyojitia mwenyewe. Nlimuuliza, hii ni longi traveli? Akasema ndio boss. Nikamuuliza, itakubali shokapu zangu za kampuni? Ndio boss, unafunga tu unaondoka. Hapo hapo ningekata simu, maana haviwezi kuwa vyote viwili. Mikono ya longi traveli pale pa kukalia shokapu pamehamishwa, inataka shokapu zake ndefu, na hizo shokapu peke yake bei yake inaipita mikono yenyewe. Inayopokea shokapu za kampuni ni ile ya standadi, na wala si mibaya, wengi wetu ndo inayotufaa. Mtu anayekwambia ni longi traveli na shokapu zako zinaingia, ima hajui anachouza ima anajua sana. Halafu kwenye tangazo kaandika eti mbele itacheza inchi 14. Raptor 700R ikitoka kiwandani mbele inacheza milimita 231, inchi tisa na kidogo. Shokapu ina urefu wake wa kuingia na kutoka, ukiisha umeisha, mkono ukirefuka inchi mbili unaongeza kidogo tu, hizo inchi tano zingine anazitoa wapi?

Nikamuomba ushahidi wa kromoli, akanitumia vidio anaweka sumaku kwenye mkono, inanata, anasema "chuma orijino". Mie na akili zangu nikaridhika! Sumaku inanata kwenye kromoli na inanata kwenye bomba la geti la nyumba yako, yote chuma. Kilichoonekana pale ni kwamba si aluminiamu, basi. Vidio ya pili kaweka mkono juu ya mizani, eti mwepesi kwa sababu kromoli. Hilo nalo nimekuja kuelezwa baadae na fundi, kromoli haina wepesi wowote kuliko chuma cha kawaida, ujazo ule ule uzito ule ule. Wepesi unakuja kwa sababu kromoli ina nguvu zaidi kwa hiyo anayejua kazi anatumia bomba la ukuta mwembamba. Ukitumia bomba jembamba la chuma cha kawaida pia utapata mkono mwepesi, mwepesi na wa kukuua.

Na ile picha. Picha nzuri mikono imepangwa juu ya meza, stika ya kampuni kubwa ya Marekani, nyuma mlango wa karakana uko wazi. Siku pesa nshatuma ndo nakaa naitazama vizuri, nje ya mlango kuna theluji. Theluji jamani. Jamaa anasema yuko Sharjah.

Boksi lilikuja baada ya siku kumi na moja. Rangi ya poda nyekundu, inang'aa, kwa macho huna la kusema. Tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na ringi, hamna. Nikampigia, akasema za kampuni zinatosha. Mikono imerefuka inchi mbili kila upande, tairodi zibaki fupi vile vile, hebu fikiria ringi zitatazama wapi. Nikanunua tairodi ndefu kwa mtu mwengine riali 28, na mipira ya breki nayo ikabidi ndefu maana ukikata usukani mpaka mwisho ule wa zamani ulikuwa unavutika kama kamba ya ngoma. Kwa hiyo ile riali 145 ishakuwa si 145.

Tukafunga kwa fundi wetu hapa Wadi Kabir, mzee wa Kihindi, maneno machache sana. Alipoishusha chini kwadi ikalala upande wa kulia kama jahazi lililopakiwa vibaya. Akachukua futikamba, akapima kutoka tundu la bushi, pale mkono unapofungwa kwenye fremu, mpaka katikati ya boljointi, kile kiungo cha upande wa ringi, kushoto, kulia, akarudia. Mkono wa chini wa kulia ulikuwa mfupi milimita tisa, na pale pa kufunga shokapu pamechomelewa chini kuliko wa pili. Mikono ya juu haina hata pa kurekebisha, boljointi imechomelewa moja kwa moja, wakati mikono ya kweli ile boljointi ya juu ina thredi unaikaza au unailegeza mpaka ringi isimame unavyotaka. Mzee akaniangalia akasema rudisha. Sikurudisha. Ilikuwa Jumatano na Ijumaa tumepanga kwenda Bidiyah, nikasema tutaenda polepole. Hili najilaumu mie, simlaumu mtu.

Ijumaa asubuhi mpwa wangu ndo alikuwa juu. Hakuruka, hakukimbia, alikuwa anashuka kijituta kidogo anarudi kambini, mwendo wa baiskeli. Nikasikia "tap", sauti ndogo tu kama mtu kavunja kijiti, ringi ya kulia ikajikunja chini ya kwadi na yeye akapita juu ya usukani. Kwadi karibu kilo 190 ikasimama kwa pua nyuma yake, ikafikiri, ikaangukia upande mwengine. Alhamdulillah mchanga ulikuwa laini na helmeti alikuwa kavaa, kaumia kifundo cha mkono, bendeji wiki mbili. Ingekuwa lile tuta kubwa tuliloshuka nusu saa kabla nisingekuwa naandika habari za riali hapa.

Kile kikombe kinachoshika boljointi kilikuwa kimeng'oka chote. Jumamosi nikampelekea mzee, akakwangua rangi kwa kisu, na chini ya rangi ikatoka puti. Puti, ile ya kuzibia bodi ya gari iliyobonyea! Welding ilikuwa na vitundu vitundu kama mkate wa mofa, wakavijaza puti, wakapiga msasa, wakapaka poda juu. Akakata bomba kwa grainda kunionyesha ndani, lina mshono unakwenda urefu wote, mtu unaugusa kwa ukucha. Bomba la 4130 la kazi kama hizi kwa kawaida halina mshono. Akagusisha jiwe la grainda, cheche zikatoka ndefu zimenyooka, hazipasukipasuki, akasema hiki chuma cha kawaida. Cheche si maabara najua, lakini pamoja na mshono na puti sihitaji maabara.

Nikampigia muuzaji. Kwanza fundi wako hajui kufunga. Nikamtumia picha ya puti, akasema hiyo ni praima. Nikamwambia praima gani inatoka vipande kama ganda la yai, akabadilika, akasema sawa boss nitakubadilishia, tuma riali 30 za usafiri na ushuru. Nusura nitume tena, wallahi, mtu ukishaliwa akili inataka kuamini kwamba hujaliwa. Mke wangu ndo aliyenizuia. Nikamwambia tuma mzigo kwanza, akanibloku. Jina silitaji kwa sababu halisaidii, ndani ya mwezi kabadilisha jina la ukurasa mara mbili, mjueni kwa ile picha ya theluji na kwa "ndio boss". Wenzangu wawili wameshanitafuta, mmoja wa Barka mmoja wa Sur, yule wa Sur yake haijavunjika bado, nimemwambia asiipande, akwangue rangi pale kwenye boljointi kwanza.

Mwenye kutaka kununua mikono kwa mtu yeyote, sio huyu tu, mwambie akupigie vidio ya welding kwa karibu kabla ya rangi, au akuonyeshe ndani ya bomba kwenye ncha. Mwambie akupimie kushoto na kulia kwa futikamba wewe unaona. Muulize tairodi zimo au hazimo, na shokapu gani inaingia, urefu gani tundu kwa tundu, kama hajui urefu hajui kitu. Bushi zina nipo za grisi au hazina, maana mchanga wa huku unakula bushi kavu ndani ya msimu mmoja. Na bei, jamani, seti za kweli za kromoli kutoka Marekani ni mamia ya dola kabla hujalipa meli wala ndege, riali 145 ni kama dola 377 mpaka mlangoni, mtu huyo anapata faida wapi? Hesabu ndogo hiyo nlikuwa naijua, sikuipiga tu.

Ule mkono uliovunjika ninao, sijautupa, upo karakana Wadi Kabir juu ya kabati la spana, anayetaka kuja kuugusa ule mshono aje. Na mie natafuta mkono wa chini wa kushoto wa kampuni, Raptor 700, usiopinda, nitaupima kabla ya kulipa usikasirike.

Nyongeza: jana usiku kaka mmoja kanitumia tangazo jipya, ukurasa mwengine, jina jengine, mikono sasa inasemwa ni ya YFZ450, kwadi nyengine ya Yamaha, na Raptor zote "inaingia zote", ambayo nayo ni uongo maana fremu zake hazifanani. Bei imeshuka, 130. Picha ile ile, theluji bado ipo mlangoni.