Huduma ya kusafirisha risasi kutoka Derbyshire hadi London: nauli nafuu majini, mizani ya kutatanisha

Kwa mfanyabiashara wa London wa karne ya 18 aliyeagiza risasi (namaanisha madini, ingawa sehemu yake iliishia kweli kwenye mitutu ya bunduki), kasoro kubwa ya huduma hii haikuwa mwendo wake wa pole bali kipimo chake. Risasi iliuzwa kwa fotha, kipimo cha uzito cha biashara hiyo, na fotha haikuwa na uzito mmoja: Derbyshire, ilikoyeyushwa, ilikuwa takriban ratili 2,520, ilhali London ilikuwa ratili 2,184. Hata bei za pande mbili zilipolingana kwa tarakimu, aliyenunua London alilipa kama asilimia 15 zaidi kwa uzito uleule. Huenda tofauti hiyo ilifidia nauli, lakini ni fidia iliyofichwa ndani ya mizani, nami sipendi nauli isiyotajwa.

Nchi kavu ndiko fedha zilikoteketea. Risasi ni nzito mno kwa ukubwa wake, hivyo farasi wa mizigo alilemewa na vipande vichache tu, na njia za milimani ziligeuka tope wakati wa baridi. Shehena ilipofika Bawtry, bandari ya mtoni, ilishuka kwa mashua katika Mto Idle, ikaingia Trent, ikafika Hull na kupakiwa kwenye meli za pwani. Baharini uzito ule ule uliokuwa adhabu barabarani ukawa na faida, kwa kuwa risasi ilifaa kuwekwa chini kabisa kama farumi, yaani uzito wa kuituliza meli. Wakati wa vita, hususan Ufaransa ilipoingia vitani mwaka 1778, hatari ya kutekwa ilipandisha bima na kupunguza unafuu huo.

Mfereji wa Chesterfield, uliobuniwa na James Brindley na kukamilika mwaka 1777, miaka mitano baada ya kifo chake, ulifika Trent pale West Stockwith na kuiacha Bawtry kando. Farasi mmoja aliyevuta mashua sasa alifanya kazi ya msafara mzima.

Kwa njia ya zamani ningetoa nyota mbili. Kwa mfereji, nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya fotha: mzigo uliopimwa kwa mizani ya Derbyshire bado ulihesabiwa upya London, na hesabu hiyo aliachiwa mnunuzi.