sRGB au Adobe RGB: Ipi ya Kupakia Picha Mtandaoni?

Picha iliyokolea rangi kwenye kompyuta yako inaweza kupauka mara tu inapopanda mtandaoni. Mara nyingi chanzo ni nafasi ya rangi uliyoihifadhia, yaani mfumo unaoamua kila namba ya rangi inawakilisha rangi gani hasa; sRGB na Adobe RGB ni mifumo miwili ya aina hiyo.

sRGB ilibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndiyo ambayo vivinjari huichukulia kuwa ya kawaida pale picha isipotaja nafasi yake ya rangi. Adobe RGB ilikuja 1998. Uwanja wake, yaani rangi inazoweza kubeba, ni mpana zaidi, hasa upande wa kijani, na kwa anayechapisha kwenye karatasi kwa printa nzuri upana huo una faida ya kweli.

Tatizo huanza unapopakia. Faili hubeba namba tu. Wasifu wa rangi uliopachikwa ndani yake ndio unaoeleza namba hizo zina maana gani. Tovuti nyingi huipunguza picha na kuibana upya, na baadhi huuondoa wasifu huo ili faili iwe nyepesi. Hapo kivinjari husoma namba za Adobe RGB kana kwamba ni za sRGB: nyekundu inafifia, ngozi za watu zinakosa uhai. Inauma, hasa kwa picha uliyoihangaikia. Picha ya sRGB ikivuliwa wasifu haidhuriki sana, maana kisio la kivinjari ni sahihi.

Kwa hiyo kwa mtandao mimi nachagua sRGB bila kusita, na Adobe RGB naiachia nakala ya kuchapisha. Ila igeuze picha iwe sRGB kwa programu ya kuhariri, usibandike tu wasifu mpya: kubandika hubadilisha jina bila kubadili namba, na rangi huharibika palepale.