SSD ya nguvu ya soda: uzoefu wangu

Nilinunua SSD ya bei rahisi, diski inayohifadhi data kwenye chipu bila kitu kinachozunguka. Gigabaiti za kwanza utadhani umeokota dhahabu. Unanakili folda ya video, kasi inagota megabaiti 450 kwa sekunde, unajipongeza. Kisha, bila onyo, inaporomoka hadi 40, inagusa sifuri, inapanda 60, inashuka tena. Task Manager ya Windows inasema diski imebanwa asilimia 100, kipanya kinasogea lakini hakuna dirisha linalofunguka. Diski ya kuzunguka niliyoitoa ilikuwa inaandika faili zile zile kwa megabaiti 90 na ushee, mwanzo hadi mwisho, bila mbwembwe. Yaani mgeni ameshindwa na mkweche uliompisha. Hii ni SSD ya nguvu ya soda.

Chapa siitaji, maana ugonjwa wenyewe umezagaa kwenye diski nyingi za bei ya chini. Chipu zake ni za aina ya QLC: seli moja, yaani kijichumba cha kuwekea data, inabeba biti 4, kwa hiyo kidhibiti, chipu inayoiongoza diski, lazima kitofautishe viwango 16 vya chaji ndani ya seli hiyo moja. Aina ya TLC ina biti 3, viwango 8. Kuandika kwa usahihi wa namna hiyo kunachukua muda, na ili usilione hilo, diski inachukua seli zilizo tupu na kuziandika biti 1 tu kila moja, kazi nyepesi, halafu ikipumzika ndipo inazipanga upya kwa biti 4. Tatizo ni nafasi. Seli ya biti 4 ikitumika kwa biti 1 inakula mara nne. Diski ya gigabaiti 480, hata ikiwa tupu kabisa, haiwezi kutoa zaidi ya gigabaiti 120 za eneo hilo la haraka, na nyingi hutoa chini ya hapo. Ukiijaza mpaka zibaki 80, dari linashuka hadi 20. Ndiyo maana inazidi kuwa goigoi kadiri unavyoijaza. Tena haina DRAM yake, yaani kumbukumbu ya haraka, kwa hiyo sehemu kubwa ya ramani ya kujua data iko wapi inasomwa kwenye chipu hizo hizo zilizoelemewa.

Hayo ningeyameza, kitu cha bei rahisi kina adabu zake. Kilichonipandisha hasira ni kwamba boksi, stika na namba ya modeli ni vile vile vya toleo la mwanzo, lililokuwa na TLC na kusifiwa na kila aliyelipima. Wamebadilisha vya ndani, stika wakaiacha. Programu ya kusoma kitambulisho cha chipu ndiyo iliyowaumbua. Nimewapelekea huduma kwa wateja picha za vipimo vyote, na jibu ndilo hili: "Mpendwa mteja, kasi hutegemea kompyuta. Kama yako ni ya zamani, tunashauri ununue mpya." Mpendwa! Hakuna hata aliyefungua picha.

Basi tuiondolee hatia hiyo kompyuta ya zamani, kwa utaratibu ambao yeyote anaweza kuufuata. Ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, uhakikishe SATA, njia inayounganisha diski na kompyuta, iko kwenye hali ya AHCI, si ile ya zamani ya IDE. Angalia tundu: SATA ya kizazi cha pili inaishia kama megabaiti 280 kwa sekunde, jambo linalopunguza kilele lakini haliwezi kukushusha hadi 40. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, tazama kipengele C7, kinachohesabu makosa ya mawasiliano. Namba ikipanda kila unaponakili, badilisha waya kwanza. Hapa ilikuwa sifuri, ikabaki sifuri. Kisha Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify: ikijibu 0, TRIM, amri ya Windows ya kuiambia diski data ipi imefutwa, imewashwa. Mwisho fungua msinfo32, taarifa za mfumo, upande wa diski, mahali kizigeu (sehemu ya diski iliyotengwa) kinapoanzia pagawanyike kwa 4096 bila baki. Yote yalikuwa sawasawa. Mwenye kosa ni diski.

Inauma zaidi siku ya kuhamisha mfumo. Ukinakili diski nzima yenye gigabaiti 200, eneo la haraka linajaa njiani, na gigabaiti 160 zilizobaki kwa megabaiti 40 kwa sekunde ni zaidi ya saa nzima. Watu hudhani imeganda, wanachomoa adapta ya USB iliyoshika diski mpya, nakala inaharibika. Iache imalize. Afadhali zaidi usakinishe Windows upya, ambayo inatosha kwenye eneo la haraka, kisha uingize mafaili kwa mafungu, ukiiacha diski ikae imewashwa bila kazi kati ya fungu na fungu ili ijipange. Ukiamua kunakili tu, zima BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, kwanza, na ukimaliza chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza: diski mbili zenye kitambulisho kimoja zikikutana, Windows inaweza kuiweka moja pembeni.

Sasa tuipe haki yake, maana hasira isitufanye vipofu. Kuwasha kompyuta ni kusoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na hapo diski ya mizunguko 5400 kwa dakika inasubiri wastani wa milisekunde 5.6 sahani izunguke tu, kabla hujahesabu safari ya kichwa chake. SSD hii, pamoja na uongo wake, inajibu kwa kama milisekunde 0.1. Tofauti unaiona siku hiyo hiyo: kivinjari kinafunguka papo hapo, masasisho hayaifungi mashine nzima. Mtu wa barua pepe na nyaraka, akiacha robo ya diski tupu, huenda asikutane na mporomoko huu maisha yake yote. Kwake ni nyota nne.

Nne? Kwa stika ile? Hapana, mbili, na hizo mbili ni za fundi aliyebuni hila ya biti 1, si za aliyechapa boksi. Anayenunua aipime wakati bado inarudishika: aendeshe H2testw, programu ya kupima diski, ijaze diski nzima na kuisoma tena. Hapo atajua kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli, na akiutazama mstari wa kasi kwenye Task Manager wakati inaandika ataona unavunjikia gigabaiti ya ngapi. Yangu muda wa kurudisha ulishapita. Imebaki na Windows na programu tu. Video nimezirudisha kwenye ule mkweche.