Mashine ya kuchanganya rangi, Kigoma mjini: inachanganya vizuri, bango lake linapotosha

Kwa aliyezoea galoni ya krimu iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, duka la eneo la Mwanga lenye mashine ya rangi ni nafuu kubwa. Unaonyesha kipande kwenye kadi, mhudumu anaingiza namba kwenye kompyuta, mashine inadondosha wino ndani ya besi (rangi ya msingi ambayo haijatiwa wino), kopo linafungwa na kutikiswa dakika chache, basi. Kazi hiyo tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja tu tunalipa bango lililobandikwa juu ya kaunta: bluu hutuliza, njano huleta furaha, nyekundu huamsha hamu ya kula, pinki hupoza hasira. Watu wanapaka nyumba nzima kwa kulifuata, kisha lawama anabeba fundi.

Kosa la bango ni kutaja majina matupu. Mwaka 1994 Patricia Valdez na Albert Mehrabian walipima hisia za watu waliotazama vipande vya rangi, wakakuta kwamba weupe wa rangi na ukali wake vina nguvu kuliko jina. Rangi zenye weupe mwingi zilipendeza zaidi, zilizokolea zilichangamsha zaidi. Kwa hiyo bluu ya turubai ikizungushwa kuta nne haimtulizi mtu, inamkalia kichwani. Bluu hiyo hiyo ikipunguzwa mpaka ionekane kama maji ya ziwa ufukweni saa mbili asubuhi, unaweza kulala nayo.

Hapo ndipo mashine inapostahili pesa yake, na bahati mbaya ndicho kitu ambacho wahudumu hawakisemi mpaka uulize. Omba nusu ya fomula. Kama namba uliyochagua inataka vipimo 24 vya wino wa bluu na 6 vya mweusi kwa lita nne, mwambie aweke 12 na 3. Rangi ni ile ile, imepunguzwa makali. Kwa dari omba robo. Kopo la kiwandani halikupi nafasi hiyo, na fundi anayemimina wino wa chupa kwa kukadiria hawezi kurudia alichofanya jana.

Kwa nini upunguze? Kwa sababu kipande cha kwenye kadi kina ukubwa wa kidole gumba na kimezungukwa na karatasi nyeupe. Ukutani mambo hubadilika: mwanga unagonga ukuta huu, unaruka hadi ule wa pili, na kila unaporuka unazoa rangi zaidi. Chumba kidogo huonekana kimekolea kuliko kadi, siku zote. Isitoshe, rangi ya maji hukauka ikawa nzito kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Mhudumu anapofungua mfuniko, akagusisha tone kwa kidole na kusema "ndiyo yenyewe, mama", tone hilo bado bichi. Mwombe alikaushe kwanza. Akikataa kwa sababu foleni ni ndefu, subiri.

Jaribio la maana linataka nusu lita na siku mbili. Chukua kipande cha siling bodi cha sentimita 60 kwa 60, kipake mikono miwili (yaani mara mbili), uache mpaka kesho yake. Kisha kisimamishe ukutani (usikilaze mezani, mwanga wa juu utakudanganya) na ukitazame mara tatu: saa mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwa imewashwa.

Saa kumi na moja ndiyo inayoumbua watu wa Kigoma. Jua letu linazama upande wa ziwa, kwa hiyo dirisha linaloangalia maji hupokea mwanga wa chini mara mbili, wa jua lenyewe na wa kioo cha maji. Pichi iliyokuwa tamu asubuhi inawaka kama kaa la moto, njano inageuka chungwa. Vyumba vya upande huo tunashauri kijivu kinachoegemea kijani, au samawati nyepesi. Vya upande wa mashariki vinaweza kubeba krimu na pichi bila shida, kwa kuwa mchana vina kivuli.

Halafu kuna udongo mwekundu. Ua wa nyumba usio na majani wala zege hurusha mwanga mwekundu hadi darini, na dari nyeupe inaonekana ya waridi. Wateja wanarudi dukani na kopo mkononi wakidai wamebadilishiwa. Katika hilo duka halina kosa, otesha nyasi.

Turudi kwenye bango. Njano na furaha: mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyohoji watu wa nchi 55 juu ya jambo hilo hilo. Finland karibu asilimia 88 walihusisha njano na furaha. Misri hawakufika asilimia 6. Kadiri nchi ilivyo mbali na ikweta na yenye mvua nyingi, ndivyo njano ilivyohusishwa zaidi na furaha. Mtu aliyefungiwa na baridi miezi sita analitamani jua. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na kiangazi chetu kinadumu Mei hadi Oktoba. Jua la kuongezea sebuleni la nini?

Pinki na hasira ni hadithi ya Marekani. Mwaka 1979 kituo kimoja cha mahabusu cha jeshi la majini mjini Seattle kilipaka chumba rangi ya waridi, kwa ushauri wa Alexander Schauss, na ikasemwa kwamba watu walitulia. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa galoni moja ya nyeupe, ile ya kwao ya lita 3.8, kwa nusu lita hivi ya nyekundu. Majaribio ya baadaye yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi hayakuona tofauti. Ukimpenda mtoto mpakie pinki anayoitaka, lakini usilipie utulivu.

Nyekundu na hamu ya kula, ushahidi wake ni mwembamba. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba nyekundu kali inachangamsha, na chini ya bati la mgahawa saa saba mchana mteja wa ugali na mgebuka hahitaji kuchangamshwa zaidi ya hapo. Huenda akahisi joto hata kama kipimajoto hakijasogea. Ipake kama mkanda wa chini, mita moja kutoka sakafuni. Mkanda huo una kazi nyingine pia: matope ya masika yakiruka hayaonekani. Jikoni tumia rangi ya mafuta, si ya maji. Tone la mawese likinyonywa na rangi ya maji, hata sabuni ya unga hailing'oi.

Ushauri mmoja ambao bango lingeweza kutoa bila kukosea ni wa balbu, na halikuutoa. Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kwamba ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake si kuona bali kuuambia mwili kama ni mchana, na hizo huamshwa zaidi na mwanga wa bluu. Balbu nyeupe ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa kubwa bluu inazidi), ambayo ndiyo imejaa madukani, ina bluu nyingi. Ukiwa nayo chumbani saa nne usiku, samawati ya ukutani haitakusaidia kupata usingizi. Weka balbu ya mwanga wa njano, 2700K au 3000K, kabla hujafikiria kupaka upya.

Jinsi ya kuagiza nako kuna mtego. Kiswahili kina rangi tatu zenye mzizi wake: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyingine zimeazimwa kwenye vitu: manjano ni ya bizari, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu, kijani ni jani. Sasa jani lipi? La mgomba mchanga au la mwembe wa Desemba? Ukisema "kijani" tu, utapewa cha kadi ya kwanza. Nenda na kitu chenyewe, kipande cha kitenge au jani lililochumwa asubuhi hiyo.

Kiasi: chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.8 kina mita za mraba 36. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 33. Mikono miwili ni 66. Kwenye plasta iliyopigwa puti na msasa, lita moja hufika mita za mraba 9 hivi, kwa hiyo unahitaji makopo mawili ya lita nne. Plasta ghafi itataka matatu. Nunua yote siku moja, uyamimine kwenye ndoo moja ya lita 20 na kukoroga kabla ya kuanza. Mashine hukosea kidogo, hasa mdomo wake ukiwa na wino uliokauka, na kopo la pili likianzia katikati ya ukuta utauona mpaka wake kila jioni.

Rangi nzito kama damu ya mzee inataka besi ya kina, yaani isiyo na weupe mwingi ndani yake. Mhudumu akianza kuidondosha kwenye besi nyeupe mzuie mapema, maana itatoka waridi iliyochoka, na rangi iliyokwisha kuchanganywa hairudishwi. Lebo ya fomula ipige picha dukani, na kama uliomba nusu hakikisha imeandikwa nusu. Tumeona lebo zinazotoka na fomula kamili wakati ndani kuna nusu. Ukiagiza kopo la tatu kwa lebo hiyo, unapata rangi nyingine.