Cheti cha tabia njema kwa aliyewahi kuhukumiwa: tathmini ya mtafuta kazi ya fedha

Nimeomba cheti cha tabia njema, yaani cheti cha polisi kinachoonyesha kama umewahi kuhukumiwa, mara mbili, na mara zote mbili nilijua kwamba hakitatoka kitupu. Mwaka 2014, nikiwa karani katika duka la jumla, nilitiwa hatiani kwa kuiba fedha za mwajiri wangu, kosa ambalo adhabu yake, kwa mujibu wa kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, yaweza kufika miaka 7 gerezani. Hakimu aliniamuru nitumikie jamii badala ya kufungwa. Nilifyeka nyasi na kuosha vyoo vya zahanati chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, nikarudisha fedha zote, kisha nikaifanya mitihani ya uhasibu ya KASNEB hadi nikaimaliza. Ninamwandikia mtu mwenye historia kama yangu, anayetamani kazi ya benki, sako (chama cha akiba na mikopo) au bima, lakini anaogopa hata kufungua ukurasa wa maombi.

Huduma yenyewe ni nyepesi kuliko hofu tunayokwenda nayo. Unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachagua huduma ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, unalipa (mimi nililipa shilingi 1,050), unachapisha ankara pamoja na fomu C24, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole katika kituo cha Huduma au makao makuu ya idara hiyo katika barabara ya Kiambu, Nairobi. Fomu hiyo huchapishwa pande mbili za karatasi moja. Kijana wa saiba (duka la intaneti) niliyoiendea alinichapishia karatasi mbili, nami sikukagua, nikapoteza asubuhi nzima kwa kurudi kuchapisha upya.

Kilichonigusa ni dakika chache za pale mezani. Afisa alinishika kidole kimoja kimoja, akakipaka wino, akakiviringisha taratibu kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, na kila nilipokaza mkono aliniambia, “Legeza, ndugu yangu, niachie mimi.” Mara ya mwisho kupakwa wino namna ile nilikuwa chini ya ulinzi, na mkono wangu ulikuwa ukikumbuka. Hakuniuliza naomba cheti kwa nini, wala kama nimewahi kushtakiwa. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa msichana anayekwenda kuanza kazi ya ualimu, na sote wawili tulihudumiwa kwa sauti ileile. Kwa mtu aliyezoea kutazamwa kwa jicho la pembeni, heshima hiyo ni kitu kikubwa, nami nailipia shukrani hapa waziwazi.

Faida kubwa ya cheti hiki kwa mwenye rekodi ni kwamba unaisoma rekodi yako kabla mwajiri hajaisoma. Mara ya kwanza sikulielewa jambo hilo. Nilikuwa nimefaulu usaili wote wa benki moja, nikapewa barua ya kuahidiwa kazi, ndipo nikawasilisha cheti bila kusema neno, nikitumaini kwamba hakuna atakayekisoma kwa makini. Siku mbili baadaye ahadi iliondolewa kwa barua pepe ya mistari mitatu. Niliumia sana, lakini nikiwa mkweli, sikuwapa nafasi ya kusikia habari hiyo kutoka kinywani mwangu.

Tangu mwaka 2022, sheria ya ajira iliyorekebishwa haimruhusu mwajiri kudai vyeti vya namna hii isipokuwa anapokusudia kuingia mkataba na mwombaji. Marekebisho hayo yanatufaa, kwa sababu unapimwa kwanza kwa ujuzi wako wa hesabu, ingawa pia yanaisogeza siri yako hadi siku ya mwisho, ambapo mwajiri akiigundua mwenyewe huona amedanganywa. Kwa hiyo mara ya pili, nilipoitwa kwenye usaili wa pili wa sako moja, niliandika barua siku hiyohiyo, nikaambatisha amri ya mahakama, barua ya afisa wa probesheni aliyenisimamia, na stakabadhi za fedha nilizorudisha. Meneja aliniuliza maswali kwa karibu saa nzima, mengine makali. Nikaajiriwa kulinganisha daftari la mikopo na taarifa za benki, kwa sharti kwamba mwaka wa kwanza nisishike fedha taslimu. Sharti hilo nililiona la haki.

Wengi wetu tunaamini kwamba sheria inamfungia mwenye rekodi kila mlango wa benki. Sivyo. Jedwali la Kwanza la Sheria ya Benki, linalotaja makosa ya udanganyifu na ukosefu wa uaminifu, linahusu kupimwa kwa wakurugenzi na wasimamizi wa benki. Karani hudaiwa cheti kwa utaratibu wa mwajiri wake. Lakini nisimdanganye mtu: kwa kosa kama langu, ngazi za juu ni nyembamba, na anayeota ukurugenzi alijue hilo mapema. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayoziacha hukumu nyingi zipitwe na muda, japo kazi kadhaa za fedha zina masharti yake ya pekee hata huko. Sisi watu wazima wa Kenya bado tunaihitaji sheria ya namna hiyo, na ninaililia kwa dhati.

Ninaipa huduma hii nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya gharama, kwani waajiri hutaka cheti kipya, na asiye na kazi hujikuta akilipa tena kwa rekodi ileile. Anayekwenda wiki hii aombe kabla hajaitwa popote, anawe mikono vizuri kabla ya kufika mezani, na akisome cheti chake akiwa ametulia nyumbani, amri ya mahakama ikiwa kando yake, ili ahakikishe kwamba maandishi ya cheti na ya amri yanalingana.