Choki tatu, marisawa ya chuma na msimu mmoja wa bata Minnesota: uzoefu wangu

Choki ya bunduki niliyoinunua kwa dola 65 ndiyo mbaya kuliko zote nilizonazo. Zilizokuja bure na bunduki ndizo zilizonilisha bata msimu mzima. Anayeanza kuwinda huku Marekani asome kwanza kabla hajafungua pochi.

Bunduki yangu ni Mossberg 500, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), niliinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuja na choki tatu ndani ya kimfuko cha plastiki. Kwa asiyezijua, choki ni kibomba kifupi cha chuma kinachoingia kwa hesi mdomoni mwa mtutu. Kinabana njia ili marisawa, yaani punje ndogondogo zilizojaa kwenye katriji, yatoke yakiwa yameshikamana, yasitawanyike mapema. Na ni kubana kidogo kwelikweli: IC (Improved Cylinder, inayobana kidogo) kama robo milimita, M (Modified, ya kati) nusu milimita, F (Full, inayobana sana) inakaribia milimita nzima. Gobori la babu kule Kilosa halikuwa na mambo hayo. Alishindilia, akamsubiri kanga, basi.

Huku bata hapigwi kwa marisawa ya risasi. Hapo Kiswahili chetu kinatuchanganya, maana risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki na risasi ni madini yenyewe. Nilipomwambia shemeji yangu anunue katriji zisizo na risasi, alicheka mpaka akakaa chini. Nazungumzia madini. Bata humeza vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi, na akiokota punje za risasi zilizolala topeni, anajisagia sumu. Marufuku imekuwa ya nchi nzima tangu 1991, kwa bata na mabata bukini. Hapa Minnesota, ukiingia kwenye maeneo ya serikali kuu yaliyotengwa kwa ajili ya ndege wa majini, hata fezanti, ndege wa nchi kavu anayefanana na kuku, utampiga kwa marisawa yasiyo na sumu.

Wengi wetu tunatumia chuma kwa sababu ya bei. Kijana wa dukani, duka silitaji, aliniambia chuma ni chepesi na hakifiki mbali, kwa hiyo nitafute choki inayobana zaidi hata ya F. Maneno yaliniingia, nikatoa zile dola 65. Nusu yake ni kweli: chuma ni chepesi kuliko risasi kwa karibu theluthi, na mwendo wake unakufa upesi. Dawa yake ni kuongeza ukubwa wa punje. Aliyezoea namba 4 ya risasi anahamia namba 2 ya chuma, maana namba ikishuka punje inakuwa kubwa. Kubana ni habari nyingine kabisa. Risasi ni laini, punje zikisukumana kwenye mtutu na choki zinabonyea, na punje iliyobonyea haiendi na wenzake. Chuma hakibonyei. Punje zinatoka mviringo kama zilivyoingia na zinasafiri pamoja. Ndiyo maana M kwa chuma inafanya kazi iliyokuwa ya F zamani za risasi.

Haya niliyajua baada ya kulipa. Mwezi Agosti nilikwenda uwanja wa shabaha na bunda la karatasi za kaki, zile za kufungia mizigo. Unapiga risasi moja kwa kila karatasi (haya, neno limerudi tena), kutoka yadi 40. Kisha unatafuta pale punje zilipojaa zaidi, unakandamiza msumari katikati, unafunga uzi wa inchi 15 na kalamu, unazungusha. Duara la inchi 30. Halafu unahesabu matundu, na hapo ndipo uvumilivu unapopimwa, mimi nilikuwa natia alama ya wino kila tundu nisilirudie. Katriji zangu ni za inchi 3, wakia 1¼, namba 2, zina punje kama 156.

Choki ya M iliweka punje 109, 112 na 106 ndani ya duara, na zimesambaa vizuri. IC iliweka 90 na kitu, lakini kwa yadi 25 karatasi ilikuwa chujio. Ile ya dola 65 ilinipa 97, kisha 84, kisha 101. Punje zilikuwa zimerundikana mahali pa sahani ya chai, na pembeni mapengo ambayo bata angepita amekunjua mabawa.

Nilipotaka kuifungua, haikuzunguka. Nikaipeleka kwa fundi bunduki, mzee mmoja mpole, akaitoa kwa dola 40 na mafuta mengi. Alinionyesha ubavuni maandishi madogo kuwa ni ya risasi tu, si ya chuma. Maandishi hayo yanazama ndani ya mtutu ukishaifunga! Chuma hakikubali kubanwa hivyo, kwa hiyo ikavimba choki. Aliniambia nina bahati haukuvimba mtutu.

Msimu ulipoanza niliwinda na IC. Tunatega bata bandia mbele ya matete, ndege wanashuka yadi 20 au 30, na kwa umbali huo sihitaji zaidi. Novemba, baridi ilipokolea na mallard (aina ya bata mwitu) wakawa wanapita juu bila kushuka, niliweka M. F haijatoka kwenye kimfuko chake. Tofauti niliiona zaidi baada ya ndege kuanguka: wengi walianguka wamekufa. Kwetu sisi tunaopiga Bismillahi kabla ya kufyatua na kukimbia na kisu, hilo si dogo.

Shemeji anatumia bunduki kuukuu ya mitutu miwili, choki zake zimechongwa humo humo, hazitoki. Hiyo usiitie chuma. Fundi alimshauri marisawa ya bismathi, madini ambayo ni mazito kuliko chuma na laini zaidi, na sasa yeye anaziita katriji za bismillahi. Tatizo ni bei, kila moja inapita dola 2, na shemeji anakosa sana. Katriji ya tangsteni, madini mengine mazito, nimeishika mkononi dukani, nikaona bei, nikairudisha.

Jikoni napitisha sumaku juu ya minofu kabla ya kuikata. Punje ya chuma iliyojificha inainua nyama kidogo, unaona kabisa. Jino langu la nyuma lilinifundisha hilo.

Kama una bunduki yenye choki za kutoa, anza na IC na M zilizokuja nayo, hakikisha zinaruhusu chuma, na pesa iliyobaki nunua katriji za kuharibu kwenye karatasi. Choki hizo mbili nazipa nyota tano. Hakikisha bunduki ni tupu unapobadilisha, usipige kamwe bila choki kwani utaharibu hesi, na paka mafuta ya hesi kila mara. Kila baada ya katriji kadhaa naigusa choki kwa vidole nione kama imelegea. Mara mbili nimeikuta imelegea.