Nyumba ya mwalimu kijijini: tofali la kuchoma au la kufungamana?

Kwa nyumba za walimu vijijini Dodoma, mbali na nguzo za umeme, tofali la kuchoma lina sifa moja kubwa: mafundi wake hawatafutwi mbali. Lakini tanuri hula magogo usiku na mchana, na miti yenyewe imebaki michache.

La kufungamana ni udongo na saruji kidogo. Hushindiliwa kwa mashine ya mkono, likamwagiliwa maji siku kadhaa kivulini, halichomwi. Ukutani hushikana lenyewe, hivyo saruji ya kuunganishia hupungua sana. Udongo upimwe kwanza, maana wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Mimi nachagua hili.

Kwa vyovyote, pamoja na sola, wekeni gata na tangi: paa la mita za mraba 80, kwa mvua ya milimita 500, hupokea lita 40,000 kwa mwaka.